Turubai, kamera au jukwaa: njia ipi ikufae kusema habari za wewe na watu wako?

Kuna jambo moja ambalo vijana wengi wa Lubumbashi, mji wa migodi wa Kongo, wanaoanza sanaa hutaka kulisema, ingawa kila mmoja analo kwa sura yake. Mtoto wa kwanza ambaye mshahara wake umeshagawiwa kwa wadogo zake kabla haujafika. Binti wa kwaya anayetaka sauti yake isikike peke yake walau mara moja. Mjukuu wa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, aliyelelewa katika kambi ambako kampuni ilikuwa baba na mama. Kijana aliyezaliwa hapa kwa wazazi waliotoka mkoa wa Kasai, ambaye Kiswahili chake ni cha hapa hapa, na bado anaulizwa kwao ni wapi. Wote wanajaribu kusema kwamba wao ni wao, na wakati huohuo ni wa watu fulani, na kwamba mambo hayo mawili hayakai pamoja kwa amani.

Mji wenyewe ulizaliwa na mvutano huo. Tangu 1910, Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, ilijazwa watu waliotolewa mbali kuja kufanya kazi ya shaba. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni ambayo Gécamines iliirithi, iliwapa nyumba, posho ya chakula, hospitali, na shule ya watoto, na ikawapa pia namba. Mtu alihesabika kuwa wa kampuni kwanza, mengine yakafuata. Baadaye, kati ya 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi elfu kumi wa Gécamines walilipwa waondoke, katika mpango ulioitwa wa hiari. Nyumba nyingi hapa zina mzee ambaye hiari hiyo haikumwingia akilini hata leo.

Basi aliye na jambo la namna hii akitaka kulifanyia sanaa, hukwama kwenye chombo. Hapa ninalinganisha vitatu: turubai, kamera na jukwaa. Muziki nimeuacha makusudi. Ugomvi wa majina katika bendi zetu unatosha makala yake peke yake.

Vipimo

Ninatumia vipimo vinne, na cha kwanza kina uzito kuliko vingine: ni nani anayeweza kukukatalia? Kazi inayohusu mtu na wenzake huharibika pande mbili. Wenzake wasipokuwa na nafasi yoyote ya kusema hapana, wanageuka mapambo ya hadithi yako. Wakiwa na nafasi ya kukataa kila kitu, wewe ndiye unayefutika. Kila chombo kina mlango wake wa hapana: kingine unafunguka mapema, kingine umechelewa, kingine haupo kabisa.

Cha pili ni jina: nani anatajwa, wapi, na nani anaamua. Cha tatu ni mfuko, pamoja na muda, maana muda nao ni pesa. Cha nne: nani ataiona kazi, na itabaki nini baadaye.

Turubai

*Nani anakukatalia?* Unapochora, hakuna. Mjomba uliyemchora na tumbo kubwa hawezi kushuka kutoka kwenye turubai akaenda zake. Uhuru huo ni mtamu, na ndio unaowavuta watu waliochoshwa na vikao vya ukoo. Lakini kukataliwa kupo, kunakuja nyuma, na anayekuja nako ni mnunuzi.

Waliochora picha za ukumbusho hapa katika miaka ya 1970 walilijua hilo vizuri. Picha ya Colonie belge (koloni la Ubelgiji), yaani ua wa gereza, mfungwa anachapwa, askari mweusi ameshika kiboko, mzungu anatazama, ilichorwa na wachoraji wengi mara nyingi mno, kwa sababu watu walitaka hiyohiyo sebuleni. Ilikuwa kumbukumbu ya wote. Mchoraji aliyeigeuza sana alirudi nayo nyumbani. Angalia basi mtego ulivyo: unachora peke yako, lakini mkono wako unaongozwa na sebule za mji mzima.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa 1947, alichora hizo za sebuleni kama wenzake, kisha akadai kitu kingine. Alisema yeye ni mwanahistoria. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi, tangu mababu hadi Mobutu, zaidi ya picha 100, juu ya magunia ya unga. Huyo ni mtu mmoja aliyejipa ruhusa ya kusema kwa niaba ya taifa. Na nafasi hiyo aliipata kwa sababu alipatikana mnunuzi wa aina nyingine, mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa tayari kuchukua mfululizo wote na kumsikiliza mchoraji akieleza picha moja baada ya nyingine. Leo picha hizo ziko Amsterdam. Yeye mwenyewe alipotea machoni pa watu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

*Jina.* Kwenye turubai jina lako linakaa pembeni chini, na hakuna wa kuligusa. Ndivyo inavyoonekana. Historia ya Hangar inasema zaidi. Mnamo 1946 Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana yake hapa, ndiyo hiyo Hangar. Hakuwapa wachoraji picha za Ulaya wazinakili. Alitaka kila mmoja atafute mkono wake. Wakautafuta, wakaupata. Bela alichora kwa vidole. Pilipili Mulongoy alijaza samaki, ndege na nyoka juu ya ardhi yenye vitone. Mwenze Kibwanga alikwenda kwa mistari mifupi, mistari juu ya mistari, hadi turubai likawa kama mkeka uliosukwa. Huhitaji kusoma saini ili kujua kazi ni ya nani.

Hata hivyo wameuzwa na kukumbukwa kwa jina la pamoja, Shule ya Elisabethville, na ufunguo wa mlango ulikuwa wa mtu mmoja. Alipokufa mwaka 1954, karakana iliingizwa katika chuo cha sanaa kilichoanzishwa na Laurent Moonens mwaka 1951. Mimi nalisoma hivi: mkono unaweza kuwa wako kabisa, na bado mwingine akaandika kibao cha mlangoni. Anayechagua turubai aulize mapema ni nani atakayeandika maelezo ya kazi yake, na kwa lugha gani.

*Mfuko.* Ndiyo njia ya bei nafuu kuanza. Gunia la unga, mbao nne, rangi, brashi. Mchana hauhitaji umeme, nalo si jambo dogo katika mji huu. Rangi nzuri za mafuta ni ghali. Wengi huanza na za kawaida.

*Nani ataiona, nini kitabaki?* Turubai linakaa. Mgeni anaingia, anakaa kwenye kiti, analiona, anauliza, na mwenye nyumba anaanza kusimulia. Hakuna chombo kingine kinachopata mazungumzo ya kila siku namna hiyo. Hasara yake ni kwamba likiuzwa limekwenda, na waliochorwa ndani huenda wasilione tena.

*Linamfaa* mtu ambaye bado yuko ndani ya ugomvi na hawezi kuwasema wahusika kwa sura zao. Kwenye turubai baba anaweza kuwa chifu wa zamani, kampuni inaweza kuwa mamba muntu, yaani nguva, mwenye nywele ndefu na noti mkononi. Wanaojua watajua.

Kamera

*Nani anakukatalia?* Hapa mwenzako ana uso, na uso huo ni wake. Anaweza kukataa unapoinua kamera. Akishakubali, mlango unafungwa haraka: unachokata, unachobakiza, unachoweka ukutani, vyote viko mkononi mwako. Na kama unafanya kazi na picha za zamani, wahusika wamekufa. Hawakuulizwa wakati ule, hawataulizwa sasa.

Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa mwaka 1978, aliingia moja kwa moja kwenye tatizo hilo. Katika mfululizo aliouanza 2004 alichukua picha za kikoloni za wafanyakazi na wakubwa wao, akawatoa watu walimokuwa, akawaweka mbele ya mitambo ya Gécamines iliyochakaa aliyoipiga picha mwenyewe. Watu wa rangi ya kijivu wamesimama katika magofu ya rangi. Katika picha ya zamani walikuwa safu, hesabu ya nguvu kazi. Katika hii mpya, kwa kuwa wamehamishwa, jicho linaanza kumwangalia mmoja mmoja: huyu amekunja ngumi, yule anatazama pembeni. Bado hawana majina. Sidhani hiyo ni kasoro ya kazi. Ni deni ambalo kazi imelionyesha waziwazi. Lakini wewe unayepiga picha watu walio hai huna sababu ya kurithi deni hilo.

Georges Senga, aliyezaliwa 1983, alikwenda upande mwingine. Aliweka picha za Lumumba kando ya picha za mwalimu mmoja ambaye maisha yake yote ameyafananisha na ya Lumumba: nywele, miwani, mkao. Huwa narudi kwenye kazi hiyo kila nikiulizwa swali hili, kwa sababu inapindua tunavyofikiri. Tumezoea kudhani mtu anakuwa yeye kwa kujitenga na wengine. Mwalimu huyu amekuwa yeye kwa kuchagua mwingine na kumfuata. Na hapa mpigwa picha si mapambo. Mfanano ni kazi yake, aliianza kabla mpigapicha hajafika.

*Jina.* Desturi ni mbaya: jina la mpigapicha kubwa, la aliyepigwa dogo au halipo. Desturi inaweza kubadilishwa bila gharama yoyote. Muulize mtu anataka aandikwe vipi. Wengi hapa watachagua jina la mzazi, Mama Fulani au Papa Fulani, na uchaguzi huo tayari ni sehemu ya habari unayoitafuta: mtu ameulizwa jina lake, akajitaja kwa mtoto wake.

*Mfuko.* Simu inatosha kuanzia. Gharama iko kwenye kuchapisha, kwenye diski ya kuhifadhia, na kwenye umeme wa kuchaji siku ambazo hakuna. Albamu ya nyumbani ni bure. Picha za studio za zamani zina utajiri ambao wengi hawauoni: pazia moja, kiti kimoja, mkono uleule begani, na kila aliyeketi pale amevaa nguo yake bora akitaka aonekane tofauti na waliotangulia.

*Nani ataiona, nini kitabaki?* Picha inasafiri. Hapa kuna Picha, shirika ambalo Baloji alilianzisha pamoja na wenzake akiwemo Patrick Mudekereza, na ambalo tamasha lake la kwanza lilifanyika 2008. Kuna kituo cha sanaa Waza. Kuna pia Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Ufaransa. Ila njia kubwa kuliko zote ni simu, na kwenye simu picha ya bibi yako haikuulizi inakokwenda. Kinachobaki ni kilichochapishwa. Mafaili hufa kimya na diski yake.

*Inamfaa* mwenye subira ya kuomba ruhusa mara mbili, kabla ya kupiga na kabla ya kuonyesha. Asiye na subira hiyo aende kwenye turubai, hakuna ubaya.

Jukwaa

*Nani anakukatalia?* Kila mtu, kila jioni, mbele ya wengine. Ukimwandikia mwenzako sentensi isiyomkaa mdomoni, hataisema, au ataisema kwa namna itakayokuaibisha.

Kundi la maigizo la Mufwankolo ndilo shule yetu katika hili. Kwa miongo kadhaa lilicheza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, redioni na kwenye televisheni, bila maandishi ya kukariri. Walikubaliana mwendo wa hadithi, kisha kila mchezaji akaleta maneno yake. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo kutokana na usemi kwamba mamlaka hayagawanywi, huliwa mazima, habari ya chifu na watu wake. Kabla ya kucheza chochote, wachezaji walikaa wakabishana usemi wenyewe una maana gani. Fikiri: ni enzi ya Mobutu, mada ni mamlaka ya mtu mmoja yasiyogawanyika, na kazi inatengenezwa na watu wanaogawana kila neno. Namna walivyofanya kazi ilikuwa inajibu maneno ya mchezo. Turubai haliwezi kukupa hilo.

*Jina.* Hapa kuna kinyume cha kufurahisha. Mufwankolo lilikuwa jina la jukwaani la mtu mmoja, na jina hilo likameza kundi zima. Kwenye Hangar jina la kundi liliwameza wachoraji wake. Hapa mtu mmoja, bila hata kudhulumu, alisimama mahali pa wote. Kundi lako litapewa jina na watazamaji kabla ya ninyi kukubaliana. Jipeni wenyewe.

*Mfuko.* Vifaa kidogo, muda mwingi. Ua wa paseli, yaani kiwanja cha nyumbani, unatosha kwa mazoezi. Pesa huishia kwenye nauli za wachezaji na bukari (ugali) ya jioni, maana watu hawafanyi mazoezi na njaa. Anayefanya kazi za zamu mgodini atakosa mazoezi mengi, na wenzake watachoka kumsubiri. Makundi mengi huvunjika hapo. Si ukosefu wa kipaji unaoyavunja.

*Nani ataiona, nini kitabaki?* Shangazi atakuwa safu ya mbele. Atacheka mahali usipotaka, ataguna mahali ulipotaka kicheko, na atakujibu mchezo ukiendelea. Baada ya hapo hakuna kitu mkononi, isipokuwa mmerekodi.

Jukwaa si lazima liwe la kundi. Dorine Mokha, mcheza dansi na mwandishi wa Lubumbashi aliyefariki Januari 2021, alitengeneza kazi kutokana na maisha yake mwenyewe, kwa mwili wake mwenyewe. Njia hiyo inaondoa mlango wa hapana wa wenzako wa mazoezi, na inabakiza ule wa watazamaji, ambao ni mkali zaidi: huna brashi wala kamera ya kujificha nyuma yake.

*Linamfaa* mtu ambaye hajui bado anachotaka kusema, ila anajua ni kina nani anataka kukisema nao.

Kwa hali yako

Kama unachotaka kusema kitawaumiza watu unaokula nao, na huna pa kuhamia, turubai linakupa kivuli. Kama ugomvi ni wa wazi, kila mtu anaujua, na wahusika wako tayari kuja, leteni uani mkaucheze. Usiwape nafasi zao wenyewe: baba acheze mtoto, mtoto acheze baba. Watapigania maneno kuliko ulivyotarajia.

Kama mhusika mkuu amekufa, anza na albamu na kamera, lakini kwanza nenda kwa mzee wa ukoo ambaye bado anajua waliosimama kwenye picha ni kina nani. Andika majina nyuma ya kila picha siku hiyohiyo. Kazi ya sanaa itafuata, majina hayatangoji.

Kama wewe ni mtoto wa Kasai wa hapa, na nyumbani kwenu bado kunasimuliwa kituo cha treni na kufukuzwa kwa watu wa Kasai hapa mwaka 1992 na 1993, kamera ina nguvu na ina hatari, kwa sababu nyuso zinatambulika na majirani wa wakati ule bado ni majirani. Mimi ningechagua jukwaa, na ningemwachia mchezaji aseme kila kitu kwa Kiswahili chake cha Kenya au Katuba, mitaa ya mji huu, bila kueleza ametoka wapi. Sikio la mtazamaji litafanya kazi ambayo picha ingeilazimisha. Wengine wenye habari hiyohiyo wamechagua kuichora, ili iweze kukaa ukutani bila kusema chochote siku ambazo hawataki kuizungumza. Nao wana hoja.

Kama una mshahara na zamu, sahau kundi kwa sasa. Chukua turubai au simu, vyombo vinavyokungoja. Kama huna pesa kabisa ila una marafiki, ni jukwaa. Kama una marafiki lakini kila mmoja anataka kuwa kiongozi, igeni Hangar bila bwana wake: chumba kimoja, meza tofauti, kila mtu na mkono wake, na kibao cha mlangoni kiandikwe na wote.

Na kama nia ni kuuza, maana bukari nayo lazima ipatikane, turubai ndilo linalouzika kwa urahisi. Chora zile wanazoziomba, na kwa kila kadhaa za namna hiyo weka moja ambayo hakuna aliyeiomba. Kabla mnunuzi hajaondoka na yoyote, ipige picha mbele na nyuma, na nyuma yake andika jina lako, tarehe, mtaa, na majina ya waliomo.